Mfuko wa Gauni la Kijani

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwa miaka tisa sikuwahi kuingia dukani bila kukuamkia, na mdomo wangu bado haujazoea. Kila asubuhi nafungua kufuli, nakiamkia kiti chako, halafu najiona mjinga na kuwasha feni.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mshono uliokosewa hufumuliwa, haufunikwi kwa shanga. Basi nafumua.

Duka lipo. Wanawake wa Kiwengwa wameleta sabuni zao za mwani, nimezipanga mlangoni pale pale unapopataka, na wageni bado wanazinusa zote kisha wananunua moja. Mikoba ya ukili imekuja mitatu tu. Kofia za mkono hazijaja, mshonaji wetu macho yanamsumbua. Hayo yote ningeyamudu. Nguo za zamani ndizo zilizonitia taabuni.

Unaujua mtindo wako mwenyewe. Gauni likitoka kwenye kasha la watu, limejikunja na kunuka uvundo, mimi nalifua na kulirekebisha, wewe unalivaa siku tatu kabla ya kulitundika. "Nguo ilolala kashani ishasahau mtu," ulikuwa ukisema, "sharti ikumbushwe." Mteja anaingia, anakukuta umevaa gauni la maua makubwa la ujana wa mama yake, na suruali ya marinda chini yake. Anacheka, kisha analitaka hilo hilo ulilolivaa.

Na kila gauni, kabla hujalivaa, unalitia mfuko kwa ndani, upande wa kushoto, wa kuweka pampu yako ya pumu. Mfuko wa kipande cha kanga kuukuu. Bi Rukia, Mungu akurehemu, jicho la nguo ulikuwa nalo kuliko mtu yeyote hapa mjini, lakini sindano ilikuwa haikupendi. Mishono yako ilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi fundi, nikiona aibu kuuza kitu kile, nikakuomba niishone upya. Ukanikatalia. "We Salome, niachie mfuko wangu. Wacha watu waone kuna mtu kapita humu."

Kifua kilipokubana mara ya mwisho, pampu ulikuwa nayo mkononi, na haikusaidia kitu. Walikuzika alasiri ile ile. Mimi nilikaa ghorofani na wanawake wenzangu kwenye mkeka, Mkristo peke yangu, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Wakanisogezea kikombe cha kahawa kama mtoto wa nyumbani.

Matanga yalipoondolewa nikafungua duka. Hakuna aliyenituma, nilishindwa tu kukaa nyumbani. Lile gauni la kijani lilikuwa limetundikwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, halina kikaratasi cha bei. Nikadhani kimeanguka. Msichana mmoja anayesoma chuo Tunguu akalipenda, nikamfungia, akaenda zake.

Kwenye arubaini yako akaja Zuwena kutoka Maskati. Mazishi ya mama yake mzazi hakuyawahi, na unamjua mwanao, hasemi, lakini uso wote ulikuwa umemshuka. Walifungua kabati lako ili nguo zitolewe sadaka. Ndani yake mlikuwa na mabaibui mawili na jozi chache za kanga, basi. Akakaa chini sakafuni. "Mama alikuwa hana nguo?" Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekuvua.

Akasema hataki kitu chochote ila gauni la kijani. Mara ya mwisho kukuona kwenye simu ulikuwa umelivaa, ukalishika pindo ukamzungukia amwone mama yake alivyopendeza. Hapo ndipo nilipojua kwamba kile kikaratasi hakikuanguka. Ulikitoa mwenyewe. Nguo zote zile zilizopita mwilini mwako, na hiyo moja ndiyo uliyotaka iwe yako.

Nikamwambia, "Lipo kwa fundi." Bi Rukia, fundi ni mimi!

Nilikwenda Tunguu siku mbili, nikasimama getini chuoni kwao nikiangalia nguo za kila msichana anayepita, mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka. Jumamosi, msichana mwenyewe akaja dukani kwa miguu yake. Gauni lilimpwaya kiunoni, anataka nilibane. Alikuwa amelivaa. Na Zuwena alikuwa ameketi kwenye kiti chako.

Alisimama, mkono mdomoni. Nikasema yote pale pale mbele ya wote wawili, kwamba nimeuza, kwamba nimesema uongo. Yule msichana maskini akataka kwenda kulivua nyuma ya pazia. "Chukueni, dada, mie sikujua." Zuwena akatikisa kichwa. Akamsogelea, akamwomba ruhusa kwa macho tu, akaingiza mkono kwenye ule mfuko wa kushoto, akauacha humo kwa muda mrefu.

"Nifumulie huu," akaniambia. "Gauni mwache nalo. Mama hawezi kuniwia radhi nikimvua mtoto wa watu."

Nilifumua taratibu. Unafunga mafundo matatu panapotosha moja. Zuwena akakikunja kile kipande cha kanga, akakitia mkobani pamoja na pasi yake ya kusafiria. Alipoondoka alinishika bega, na bado nauhisi uzito wa mkono ule.

Msichana akaomba nimtilie mfuko mwingine mfano wa ule ule. Nikajaribu, Bi Rukia. Nikajaribu kupindisha. Mkono ukanikatalia, mishono ikatoka imenyooka kama ya mashine. Nikafumua, nikajaribu tena, ikanyooka tena. Ndipo nikalia, kilio ambacho mazishini hakikuja. Mwisho nikauacha hivyo hivyo, umenyooka, nikamwomba radhi, naye hakujua ni ya nini.

Uniwie radhi na wewe, kwa uongo ule na kwa kuuza nisichokijua. Nakuahidi hakuna gauni litakalotundikwa humu kabla mtu hajalivaa siku tatu, na kila moja litakuwa na mfuko wa kushoto. Mimi sina pumu, nitatia chaki yangu ya kushonea. Lala pema, Bi Rukia.

Leo nimevaa gauni moja la maua makubwa lililokuja wiki ile uliyofariki. Linanibana makwapa. Asubuhi mteja mmoja kalitaka, nikamwambia asubiri siku mbili.

Wako,
Salome