Mnara Ulioanguka Kabla ya Tangazo Lako

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumweleza nilichofanya.

Mnara wa redio umeanguka. Ule wa kilimani Nyanungu, ambao siku ya kuusimamisha ulipandisha ndoo za maji ya zege kichwani, ukawaambia mafundi, "Kazeni vizuri, huu ndio utakaonirudishia mwanangu." Watu walicheka. Wewe hukucheka. Kaka Chacha alikuwa ameshaondoka, baada ya kugombana na baba juu ya yule ng'ombe dume wa baba ambaye Chacha alimuuza kwa siri, na simu yake ilikuwa haipatikani. Kila Jumapili ukawa unapanda studio kumsalimia: "Chacha, baba yako hana hasira tena. Njoo nyumbani." Baba mwenyewe alikuwa bado amenuna, ila redio hakuizima.

Halafu dereva mmoja wa lori akatuambia alimkuta Chacha ng'ambo ya mpaka, kupita Sirari, na kwamba Jumapili hataki kuongeleshwa mpaka salamu ziishe. Ni sehemu gani hasa, hakumbuki. Siku ile ulicheza, Mama, na goti lako lile bovu.

Ulipofariki, mtangazaji alinipigia kuuliza, alisome tangazo la msiba jioni ile ile? Nikamwambia asubiri kesho. Nilishindwa, Mama. Niliona likishasomwa, basi umekufa kweli. Kesho yake mchana ukaja upepo wa mvua, waya mmoja wa kuushikilia mnara ukakatika, mnara ukalala juu ya mahindi ya watu. Tukangoja siku mbili. Tukakuzika bila Chacha. Baba alishika koleo, macho yakiwa njiani, mpaka wazee wakamwambia inatosha.

Redio imefungwa na hakuna anayesema itafunguliwa lini. Kinachoniua ni hizi Jumapili. Namwona Chacha anawasha redio yake, anasikia mkwaruzo tu. Anadhani umechoka kumwita.

Keshokutwa navuka Sirari. Nitauliza kwenye kila kibanda cha chai, kwenye kila mnada wa ng'ombe. Sijui pa kuanzia, na naogopa. Lakini sitarudi bila yeye, hilo nakuahidi.

Pumzika, Mama. Nikimkuta nitamwambia kwamba hukuacha kumwita. Ni mimi niliyekunyamazisha.

Binti yako,
Bhoke