Usivuke Mto Ndani ya Beseni Letu

Ayoubu wangu, joto la moyo wangu,

Tangu ulipolifunga beseni letu la kuogea kwenye baiskeli ukaelekea Kabambare kwa fundi alizibe tundu lake, Kasongo yote imepoa. Mama yako ananitania: «Bibi arusi, ndoo iko! Oga kama sisi.» Ninacheka, lakini nina hofu. Mutu wa pikipiki aliyekukuta njiani amesema daraja limevunjika, nawe unataka kuvuka ndani ya beseni. Usithubutu, mpenzi! Tundu lake nililiziba kwa ulimbo wa kuzibia mitumbwi ya baba, na moto tuliouwasha chini yake kila jioni umeulainisha. Wewe kuogelea hujui. Ninampa mutu huyu barua akuwahi. Liache beseni ukingoni, uvuke kwa mtumbwi. Ndoo moja itatutosha wawili.

Mke wako, bado mpya,
Zaina