Nilimwambia asafishe kamera

Jumanne, jioni. Mvua imeshika mtaa wote wa Himbi na mimi nimekaa kwenye benchi la hospitali, simu mkononi, nywele zimelowa. Leo nimemkasirikia kila mtu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Papa, baba yetu, analala hapa leo. Kesho asubuhi wanamfanyia operesheni ya koo. Ugonjwa umeshika zoloto, sehemu ya koo inayotoa sauti, na daktari alitueleza bila kuzunguka kwamba wataitoa yote. Papa atakula, atatembea, Mungu akijalia atapona, lakini sauti yake haitarudi.

Kwa hiyo siku ya kuirekodi ilikuwa leo.

Kaka zetu wawili, Paluku na Kambale, wako Butembo na hawakuweza kufika. Tulikubaliana kwamba mimi, Masika, kifungua mimba, nimrekodi Papa kwa video akitubariki watoto wote kwa majina, kisha niwatumie. Walinichagua kwa sababu mimi ndiye hupiga video za arusi za ukoo. Mimi pia ndiye ninayewafokea watu wakipita mbele ya kamera.

Asubuhi, nyumbani Kyeshero, nilijipanga vizuri. Nilimtoa Papa dirishani, maana mwanga ukikaa nyuma ya mtu uso unakuwa mweusi, nikamgeuza aangalie mlango. Simu niliiegemeza juu ya vitabu vya shule ili mikono yangu isitetemeshe picha. Sikuvuta picha kwa vidole, nilisogeza kiti. Umeme haukuwepo, na kwa mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu mashine ya jirani yetu seremala ilikuwa kimya. Mwisho nikaingia kwenye mipangilio ya kamera nikachagua ubora wa juu kabisa.

Papa aliongea dakika kumi na mbili, taratibu, akipumzika. Alimtaja kila mmoja wetu mpaka akafika kwa Kavira, mdogo wetu. Alimtaja hata marehemu Mama, kwa jina la utani ambalo sikuwa nimelisikia tangu mazishi. Nililia nyuma ya simu huku nimeziba mdomo ili nisiharibu sauti.

Nilipoiangalia ile video, nikaona ukungu mweupe upande wa kushoto wa uso wake. Ni mafuta ya vidole, pamoja na vumbi letu hili jeusi la volkano, yamekaa kwenye kioo cha kamera. Mtu mwingine angesema imetosha. Mimi nikasema tunarudia kipande cha mwisho. Nikampa Kavira simu, nikamwambia, "Safisha hii kamera, iko na vumbi," kisha nikatoka kumchemshia Papa maji ya kunywa.

Simu yangu inaongea Kifaransa. Video ile, kwa ubora ule nilioutaka, ilikuwa imemaliza nafasi yote. Kavira alipoishika, ikamwandikia kwamba nafasi imejaa: "Nettoyer ?" Yaani, nisafishe? Neno hilo Kavira analijua, na alikuwa ameambiwa asafishe. Akabonyeza ndiyo. Halafu akachukua pindo la kitenge chake akafuta kioo cha kamera pia, vizuri kabisa.

Simu ikafuta faili kubwa kuliko zote, na video ikaenda.

Nilitafuta kwenye kapu la taka la simu, tupu. Nikampigia fundi ninayemwamini, akasema kwa simu ya aina yangu kilichofutwa hivyo hakirudi. Hapo nikamgeukia mdogo wangu. Nilimwita mjinga. Nilimwambia kama angemaliza shule angeelewa ujumbe wote, siyo neno moja la Kifaransa. Nayaandika maneno hayo hapa kwa sababu ni kweli niliyasema. Kavira aliacha shule ili amhudumie Mama alipougua, wakati mimi nilikuwa chuoni. Papa alikuwa chumba cha pili, na kuta za nyumba yetu ni mbao.

Saa nane umeme ukarudi na seremala akawasha mashine. Nilikwenda kumwomba, akazima kidogo, mteja wake akaja juu, akawasha tena. Mawingu yalikuwa yanashuka upande wa ziwa. Saa kumi tulitakiwa kuondoka, na sauti ya Papa ilikuwa imeanza kukwaruza.

Tukamwingiza kwenye gari la Papa Daniel, jirani aliyekuja kutupeleka hospitali, tukafunga vioo vyote. Kelele zilipungua, lakini vioo vya gari lile ni vyeusi. Nilikuwa naona paji la uso na kidevu tu, na picha imejaa chengachenga. Nikaachana na picha. Nikashusha ubora ili nafasi isijae tena, nikasogeza simu karibu na mdomo wake, nikaangalia kidole kisizibe kile kitundu cha kunasa sauti. Simu ilikuwa ya moto na betri inakaribia kuisha. "Papa, rudilia tu ile baraka," nikamwambia.

Hakurudilia.

"Baraka nilishatoa," akasema. "Mungu alisikia, yeye hana haja ya telefone. Kavira, usilie. Walikuambia usafishe, ukasafisha. Masika, wewe unapenda kila kitu ikuwe sawa, mpaka watu wanakuogopa. Mama yenu alikufia mu mikono ya huyu mutoto. Usimuite tena mujinga. Mimi sitakuwa na sauti ya kukukataza." Akapumzika. "Paluku, Kambale, muchunge hawa dada zenu."

Matone ya kwanza yakapiga paa la gari, nami nikazima kurekodi.

Nimeisikiliza mara tatu hapa kwenye benchi. Picha ni mbovu kuliko zote nilizowahi kupiga. Sauti ni safi, hata pumzi zake zinasikika. Na kaka zetu wanauliza kwenye kundi la familia, video iko wapi? Kundi hilo lina shangazi zangu, binamu zangu na wakwe zangu.

Kukata video najua sana. Nilikuwa nimeshaweka alama, kuanzia "Masika" mpaka "kukukataza". Ingebaki video fupi na nzuri ya baba akiwaaga wanawe. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Kavira. Na Kavira asingesema.

Nilipofikiria hilo la mwisho, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nimeondoa alama. Nimeituma kama faili, siyo kama video, ili isibanwe njiani ikapoteza sauti. Nimeituma nzima. Paluku ameshaifungua.

Kavira yuko ndani, amekaa miguuni kwa Papa. Naingia kumwomba msamaha sasa hivi, wakati Papa bado anaweza kuniambia kama nimeomba vizuri.