Koti la Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka ofisi ya mikopo. Nimeisoma mara tatu, mguu bado uko kwenye pedali. Kuanzia mwezi huu rejesho langu si elfu arobaini tena, ni hamsini na tano. Riba imepanda. Imepandaje? Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyenikopesha kwenye meza yake yenye kioo. Alisema riba ni ile ile, mwanzo hadi mwisho. "Haitikisiki, shemeji. We lala usingizi." Nikalala kweli. Mjinga mimi.

Cherehani ya tarizi ndiyo dhamana. Nikikosa miezi miwili wanaibeba. Bila hiyo nabaki fundi wa kubadilisha zipu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisini kwake. Akanifungulia ukurasa wa nne, maandishi madogo kama mayai ya chawa: riba haitabadilika kwa miezi kumi na miwili ya kwanza. Baada ya hapo, kadiri ofisi itakavyoona. Nikamkumbusha alivyoniambia. Eti hakusema uongo, si mwaka mzima haikubadilika? Eti ningesoma. Karani wake akacheka.

Mimi nikimwambia mteja bei haibadiliki, hata uzi ukipanda nakula hasara na nanyamaza. Hiyo ndiyo maana yake huku kwetu. Kumbe kwao maana yake ni haibadiliki mpaka uwe umeshanasa.

Sikulia. Nimerudi nyumbani nikapasua shuka kuukuu likawa matambara. Namchukia. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja mwenyewe! Binti yao — mwanangu mimi pia — anaolewa Jumamosi ijayo, na baba anataka suti. Kaleta kitambaa na tabasamu, kana kwamba juzi hakukutokea kitu. "Nifanyie bei ya kifamilia, shemeji, na isije ikapanda."

Elfu themanini, nikamwambia, haibadiliki. Nikaandika risiti. Chini kabisa, kwa mayai ya chawa yale yale: bei haitabadilika hadi siku ya kujaribu koti. Baada ya hapo, kadiri fundi atakavyoona. Akatia sahihi huku anaongea na simu.

Kitambaa nimekikata leo leo. Kikishakatwa hakuna fundi mwingine atakayekigusa, kila mtu anaogopa mkasi wa mwenzake. Nimekata nikiimba.

Jumatano, 12 Machi

Amejaribu koti. Limepigwa bandi tu, mishono ya muda, lakini limemkaa. Limemkaa mpaka imeniuma. Nimemwambia Ijumaa, saa tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nyuma ya meza ya kukatia. Shemeji yuko kwenye benchi, amevaa koti la mkono mmoja. Mkono wa pili uko mapajani mwangu.

Nilimwambia bei sasa ni laki mbili na sitini. Themanini zake, jumlisha elfu kumi na tano alizoniongezea kila mwezi, kwa mwaka niliobakiza. Alicheka. Nikampa risiti, nikamwekea kidole pale chini. Akasoma, akarudia. Ule uso ningeutundika ukutani. Nikamwambia angesoma. Siku kumi nimelitunza neno hilo mdomoni.

Akasema huu ni wizi. Nikasema huu ni ukurasa wa nne. Akatoa simu, nikadhani anaita polisi. Kumbe anampigia dada: alete zile pesa za viti vya harusi kesho, mdogo wake kabadilisha bei.

Hilo sikulipigia hesabu.

Dada kafika na ndala, jasho shingoni. Mumewe hakumtazama. Dada kasoma risiti yote, akaniuliza taratibu kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo. Nikamweleza habari ya barua, ya cherehani, ya karani aliyecheka. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Mngeoana nyie wawili," akasema.

Sasa anahesabu noti juu ya meza yangu, moja moja. Zimeishia laki na tisini. Pochi tupu. Shemeji anaangalia mlango. Dada anavua hereni, ya kushoto imegoma kidogo, anaivuta. Sindano yangu imeshatungwa uzi.

Sijamwambia aache.