Nukta za Gitaa Walizotaka Kuzichoma

Baba,

Mugonile, nakusalimu. Nimekaa kizingitini, Lusekelo amelala mgongoni, na kitenge changu bado kinanuka moshi. Vitabu vyako vimepona. Vyote isipokuwa kimoja, na nataka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Juzi, matanga yalipoisha, ndugu walikuwa wanagawa vitu vyako. Koti alichukua Baba Mdogo, baiskeli ikaenda kwa shangazi wa Busale. Gitaa na vitabu hakuna aliyevigusa, nikajua ni vyangu. Mara mjumbe wetu wa nyumba kumi akafunua kile kitabu cha majasusi, akakutana na picha ya kamera iliyofichwa kwenye soli ya kiatu. Akafunua na kile cha wapiga gitaa wa bluzi, wale Wamarekani weusi wako, mpaka kurasa za mwisho zenye vichoro vya mistari na nukta. Uso ukambadilika.

"Hizi ni alama za siri," akasema. "Na mpaka wa nchi uko hapo mtoni Songwe. Marehemu alikuwa anamwandikia nani?"

Wewe ungecheka, Baba. Mimi sikuweza. Unamjua mdogo wako anavyoiogopa serikali. "Tunachoma sasa hivi, kabla habari haijafika kata!" Sijamaliza hata kumfunga mtoto, mabua ya mpunga yanawaka uani. Nikasema ni vitabu tu, muuza mitumba wa mjini anavikuta ndani ya robota, alikuwa anakupa nyongeza ukinunua shati. Wapi!

"Wewe darasa la saba, Kiingereza cha humo umekijulia wapi?" Baba Mdogo akafoka.

Akakitupa cha majasusi motoni. Kile ulichokuwa umebakiza sura mbili.

Nikasimama kati yake na moto. Lusekelo analia. Nikamwambia, "Baba Mdogo, hicho cha pili ukikitupa, tutupe na sisi, mimi na mjukuu wako." Nikakichukua mkononi mwake. Nikaingia ndani, nikatoka na gitaa lako. Nyuzi zimebaki nne, mbili ni zile za waya wa breki.

Nikamfungulia mjumbe ukurasa, nikamweleza kama ulivyonieleza mimi nilipokuwa mjamzito na usingizi unakataa: mstari ni uzi, nukta ni kidole. Mkao wa vidole ninaoujua ni mmoja tu. Nikaweka vidole, nikapiga.

Mlio ulitoka mbovu, lakini ulitoka. Mtoto akanyamaza. Nikampa mjumbe gitaa, nikamwambia aweke vidole vyake mwenyewe palepale penye nukta. Akaweka kama mtu anayeshika nyoka. Akapiga. Ukatoka mlio uleule.

"Haya jamani," shangazi akapaza sauti, "na mjumbe naye jasusi!"

Watu wakacheka na machozi yao. Baba Mdogo hakucheka. Alichukua ndoo akauzima moto.

Baba, nina hasira na wewe kidogo. Miaka yote hiyo hakuna jirani aliyejua kwamba unapiga. Ulifunga mlango kwa aibu, wakabaki kusikia minong'ono ukutani na kujitungia yao. Na mwenyewe ndiye uliyeniambia, "Jasusi akijulikana amekwisha, mpiga gitaa asipojulikana amekwisha." Sasa ulikuwa unamficha nani?

Jana Baba Mdogo alikuja, eti kumjulia hali mtoto. Akazunguka weee, mwisho akauliza: "Yule mpiga gitaa kipofu wa kwenye picha, nyuzi alikuwa anazionaje?" Nikampa kitabu akaangalie picha. Alikaa nacho mpaka chai ikapoa. Kuondoka nacho nilimkatalia.

Nimechoka, Baba. Mtoto anaota meno na mpunga wa shamba la Ngonga umeshaiva. Lakini kila jioni nitapiga huo mkao wangu mmoja, hapahapa kizingitini, wapita njia wausikie. Lusekelo akikua, vidole vyake nitavipanga mimi.

Ndaga fijo, Baba, asante sana. Pumzika. Mlango sitaufunga.

Mwanao,
Atupele