Tochi ya Bosi

Shoga, uko wapi? Nimekwisha! Nimekwisha!

Unaukumbuka ule utafiti wetu wa watu wanaotetemeka mikono? Tulipita nyumba kwa nyumba mchana, vijana wote wako makazini, tukawakuta wazee tu. Leo bosi kausoma mbele ya wageni. Kavimba kama chura: "Kutetemeka ni ugonjwa wa wazee. Chini ya miaka arobaini hakuna hata mmoja!"

HATA MMOJA. Na huku anaonyesha jedwali ukutani kwa ile tochi ndogo ya mwanga mwekundu. Shoga, nukta inacheza! Inaruka toka safu ya wazee hadi safu ya vijana, wageni wanaifuata kwa macho kama paka.

Mama mmoja kati ya wageni akauliza taratibu, "Daktari, wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita. Hii tochi mbovu!"

Mbovu, eti! Akanigeukia mimi: "Hebu shika, waonyeshe ilivyo mbovu."

Nikashika. Nukta ikatulia tuli kama msumari.

Sasa nipo getini na mkoba wangu. Shoga, nimefukuzwa kazi kwa kosa la kutotetemeka!