Kumfuata Coletha Nyamalele

Jumatano, 7 Julai 1971

Saba Saba. Wanafunzi wameandamana tangu saa mbili – ngoma, bendera, vumbi. Mimi nilikuwa nyuma ya mstari wa darasa la nne, napiga makofi kama mtu mwenye furaha. Kabla hotuba hazijaisha mkuu wa shule akaniita pembeni. Barua ya uhamisho! Kibondo. Niripoti Jumatano ijayo, tarehe 14. Huko Kibondo sijui hata mtu mmoja.

Hongera, akasema, unakwenda kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Nikasema asante. Mdomo ndio uliosema, mwenyewe nilikuwa mbali.

Nilikuwa kwa Coletha. Aliondoka hapa Februari, tumbo limemtangulia, kwenda kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo kwa mimba ya kwanza. Mtoto wa kike alizaliwa Jumatatu ya Pasaka. Habari hiyo niliipata dukani, kwa mchunga ng'ombe aliyekuja kununua chumvi. Chumvi! Leo mtoto ana karibu miezi mitatu na sijamwona. Jina lake silijui.

Nyumbani kwetu Ushirombo mwanamume hakimbilii kwa wakwe mtoto akizaliwa. Anangoja. Kitovu kikidondoka wakwe wanatuma mtu: njoo umwone mwanao. Baba aliitwa hivyo kwa sisi sote saba. Basi nami nikangoja kuitwa. Aprili. Mei. Juni. Nikaandika barua mbili, nikampa yule yule wa chumvi apeleke. Kimya.

Kwanza niliona aibu, halafu nikakasirika. Sasa nimechoka, nimebaki na hamu tu. Jana niliinusa kanga yake iliyobaki msumarini. Haina tena harufu yake, inanuka moshi na mende. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nanusa kanga!

Alhamisi, 8 Julai

Salehe amekuja na chai yake kwenye kikombe, kama kawaida yake, ili nisimnyime wala nisimpe. Ni mwalimu wa hesabu, kazaliwa Kahama mjini, na anaamini sisi wa vijijini tumejifunga kamba wenyewe. Nikamweleza habari ya Kibondo. Akauliza mara moja: na mkeo je? Nikasema nangoja kuitwa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Unangoja kadi ya mwaliko, Marselino? Kwenda kumwona mtoto wako wa kumzaa?

Nikamwambia hajui mambo ya mkwe. Mama yake Coletha siwezi kukaa naye nyumba moja, siwezi kumtazama usoni, nikikutana naye njiani natoka njiani. Nikijipeleka bila kuitwa nitakuwa nimemvamia. Salehe: mkwe si chui, bwana. Nikasema ni zaidi – chui unaruhusiwa kumtazama.

Lakini alipoondoka nimepiga hesabu ya safari. Lori la pamba linaondoka Jumapili alfajiri kwenda Kahama, niunganishe Kibondo. Linalofuata ni la Alhamisi, siku moja baada ya kuripoti. Kesho nakabidhi darasa, kwa hiyo nina Jumamosi tu. Na akina Coletha hawako kijijini, tangu Juni wamepandisha ng'ombe mlimani Nyamalele, kwenye ziwa, ambako majani hayakauki. Kupanda ni mwendo wa saa sita, kushuka saa nne. Siku moja inatosha kwenda na kurudi, kama mtu hana mengi ya kusema.

Nina mengi ya kusema. Nikienda Kibondo bila Coletha, basi ndiyo mwisho. Wakwe watasema amehama, amemtelekeza. Naye atasadiki. Ningekuwa yeye ningesadiki.

Ijumaa, 9 Julai

Nimefunga sanduku. Vitu vya mtu mmoja havijazi sanduku. Nimenunua kanga doti moja, nyekundu, na sukari kilo mbili. Kesho naondoka saa kumi na moja alfajiri.

Nilianza kuandika hapa nitakayomwambia. Nimefuta yote.

Jumamosi, 10 Julai

Saa mbili, juu ya jiwe.

Baridi! Mikono imekufa, penseli inateleza. Nimepita mashamba ya pamba, nikapita yale mashimo ya wachimba dhahabu – mengine yana vichaka juu, huyaoni mpaka uyafikie. Nimepita nikipapasa kwa fimbo kama kipofu. Ndiyo maana lazima nianze kushuka saa tisa. Giza lisinikute hapo.

Sasa nimefika kwenye ngitili ya wazee wa huku, malisho waliyoyafunga tangu mvua. Hajaingia ng'ombe hata mmoja. Majani yamenifika kiunoni, rangi ya asali, yana umande, suruali imelowa yote. Kijia ni kimoja, chembamba, kinapita katikati. Huku kote ni mlima na majani na ukimya. Coletha alikuwa akinisimulia mahali hapa, usiku wa kwanza kwanza pale nyumbani, anaeleza kwa mikono. Alisema ukifika kwenye ngitili unaanza kusikia harufu ya maji. Nimenusa sana. Sijasikia kitu. Pengine ni pua za huku tu.

Ningetaka awe mbele yangu sasa hivi, ananicheka ninavyohema.

Saa nne na nusu.

Aibu gani hii! Naandika ili nipoe.

Nilikuwa karibu kumaliza ngitili nikasikia mtu anakuja, anazungumza na mnyama. Nikainua macho: mwanamke mtu mzima, anamburuta ndama kwa kamba. Mama Januari! Mkwe wangu mwenyewe, njia nyembamba, hakuna pa kupishana. Sikufikiri. Nikaruka kando, nikachuchumaa nyuma ya kichaka, nikamgeuzia mgongo, kofia nikaivuta mpaka puani. Nikajisifu. Adabu timamu.

Kisha nikakumbuka kikapu. Nimekiacha katikati ya njia, na kanga nyekundu imening'inia nje.

Hatua zikasimama. Nikamsikia ndama anapumua. Nikasali – nisamehewe – nikasali apite tu.

Hakupita. Akaanza kumsalimu ndama, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Wewe ndama, mwangaluka. Kama hapo kichakani kuna mtu, mwambie barua zake zilifika, zote mbili. Tulimwonyesha mtoto. Mtoto hajui kusoma, anajua kubebwa."

Ndama akakohoa.

"Mwambie tulikaa. Kitovu kikadondoka, tukasema kesho baba yake atafika. Mtoto akacheka mara ya kwanza, tukasema kesho. Nilimpikia uji mgeni asiyekuja mpaka nikaona haya kwa majirani."

Sikuweza kumjibu, mkwe hajibiwi. Lakini yeye hakuwa akisema nami! Basi nikasema, nikiwa nimeelekea mlimani, mgongo kwake:

"Ndama, shikamoo mpelekee mama. Mwambie kwetu mwanamume haendi mpaka aitwe. Mwambie nimekaa miezi mitatu nikisikiliza mlango."

Nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Marahaba, ndama," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Aitwe? Kwetu mtu haitwi kwa mtoto wake. Anakuja mwenyewe, tena anakuja anakimbia. Mume wangu alikuja usiku wa mvua na jembe begani, hakujua hata kwa nini amelibeba."

Nikacheka. Nakiri nilicheka, na nadhani naye alicheka, ila mgongo hauna macho. Halafu akaacha kucheka. Akamwambia ndama kwamba watu walileta habari kuwa mwalimu yuko machimboni, ameacha chaki ameshika sururu. "Nina mmoja aliyekwenda huko, ndama. Januari wangu. Mwaka wa nne huu, na sijui niombe arudi au apumzike. Nikamwambia Coletha, usimlilie huyo mwalimu, jifunze mapema."

Kumbe! Miezi yote hii ananijua mimi ni mtu wa mashimo. Nami nimekaa dawatini nasahihisha imla, nangoja mjumbe.

Nikasema: "Ndama, mwambie mama sijagusa sururu. Mwambie kesho alfajiri nahamishwa, Kibondo, na nimekuja kumchukua mke wangu kama atakubali. Mwambie naomba radhi. Mimi ndiye niliyepaswa kukimbia."

Nilisikia anakiinua kikapu, anakisogeza kando ya njia, taratibu, kama anaweka yai. Kamba ikavutwa. Akiwa ameshapita ndipo akasema: "Yuko ziwani, ndama. Lakini mimi si mdomo wake."

Nimechuchumaa mpaka miguu imekufa ganzi. Nimetoka sasa. Majani mabichi yamejaa mfukoni, sijui yaliingiaje.

Saa saba.

Sikuamini kama ni pakubwa hivi. Unapanda, unapanda, mara mlima unaacha, na hapo kati ya vilima vitatu maji yametulia, ya bluu kabisa, na pembeni majani mafupi ya kijani – Julai! – na ng'ombe wametawanyika mpaka juu. Vibanda vinne vya majani. Mzee Mageni, baba mkwe, yuko ng'ambo na ng'ombe, nilimwona anapunga fimbo, nami nikapunga. Salamu yenyewe ikawa hiyo.

Coletha alikuwa amepiga magoti majini anafua. Aliniona kutoka mbali. Hakusimama.

Miezi yote hii nimeuwaza uso wake na nilikuwa nimeuwaza vibaya. Umekonda. Macho ndiyo yale. Nilitaka kumshika, nikasimama tu kama mkaguzi wa shule.

Nikasema nimekutana na mama yake. Ujinga gani huo wa kuanzia! Akasema, "Najua. Vicheko vyenu vimefika mpaka huku." Kisha akasema, hakunitazama: "Mimi sikucheka."

Nikaeleza yote. Kuitwa, kutoitwa, barua, machimbo, Kibondo, lori. Alikuwa anapiga nguo kwenye jiwe, pa, pa, mpaka nilipomaliza. Nikasema nimekukumbuka. Nikasema nyumba imenishinda. Akaacha kupiga.

"Mama anajua ya desturi," akasema. "Mimi sikuwa nangoja desturi, Marselino. Nilikuwa nakungoja wewe. Usiku wa uchungu niliita jina lako mpaka wale wanawake wakaniziba mdomo, eti naaibisha ukoo. Wewe ulikuwa unangoja nani akupe ruhusa?"

Nilisema nilikosa. Akasema ndiyo.

Akaondoka, akaingia kibandani, akarudi na mtoto. Nikaketi, akaniwekea mapajani kama mtu anayekabidhi zamu. "Bernadeta," akasema. Akarudi majini.

Saa nane na dakika ishirini.

Ana nywele nyingi. Ana kidevu changu, maskini. Alinitazama sana, akakunja uso, nikajua atalia, hakulia. Alinishika kidole hiki cha kalamu akakivuta mdomoni. Nimeandika sentensi hii kwa mkono wa kushoto. Sasa amelala. Nimekaa kama jiwe. Nilikuwa sijui mtoto ana uzito wa namna hii, si wa kilo.

Nimemuuliza Coletha, kwa sauti ndogo nisimwamshe: utakuja? Akatandaza nguo ya mwisho kwenye majani. Ni nguo zake zote na za mtoto, nimezihesabu, kumi na moja, haikubaki nyingine ila aliyovaa. Akasema: "Ngoja kwanza nguo zikauke."

Hilo ni ndiyo? Ni hapana? Nimemjua miaka miwili na nusu, na leo siwezi kumsoma hata herufi moja.

Saa tisa kasoro dakika tano.

Wingu limeanza kulifunika jua kutoka kilima cha magharibi. Kivuli kimeshaifikia nguo ya kwanza. Hazitakauka leo, huku juu kuna ubaridi, hata mimi naliona hilo.

Mama Januari amerudi bila ndama. Ameketi nyuma ya kibanda, upande nisiomwona, anatwanga kitu. Kila nikisogea anakohoa. Kanga nyekundu ameikuta penye kikapu na ameitundika mlangoni, hakuna aliyeivaa.

Saa tisa na robo.

Nimeshachelewa. Nikitoka sasa, mashimo nitayapita na mwanga kidogo. Nikitoka baadaye sitayaona. Lori halingoji mtu, na Kibondo hawatangoja pia. Nimejaribu kumwinua Bernadeta kutoka mapajani. Akashtuka, akanishika shati, nikaketi tena.

Coletha amesimama kule kwenye nguo. Mikono kiunoni, ananitazama, halafu anatazama njia. Nasikia mchi umenyamaza nyuma ya kibanda.

Sasa ameinama. Ameichukua ile ya kwanza, kijigauni cha mtoto, anakigusisha shavuni. Ni kibichi, maji yanamdondokea kwenye mkono, nayaona kutoka hapa. Amekishika muda.

Anakikunja. Anachukua cha pili, nacho kinatiririka, anakikunja juu ya cha kwanza. Hangoji tena zikauke.